Vijimungu wa Penseli

Mzee aliingia dukani nikiwa nimeinua kifuniko cha mashine ya fotokopi. Ukurasa wa kwanza wa daftari la Huqa ulikuwa umelala kifudifudi juu ya kioo, na kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kijani.

Nilikiondoa haraka kama mtoto aliyeshikwa akilamba sukari.

"Karibu, mzee. Kitambulisho? Kopi ngapi?"

Wazee wengi huja kwetu kwa ajili hiyo. Kila orodha ya msaada inadai kopi ya kitambulisho, na duka letu liko hatua chache tu kutoka mahali gari la Merti linapopakia abiria. Huyu alikuwa mrefu, amevaa kikoi na koti la kijivu, shuka begani, kofia nyeupe kichwani.

"Salaam aleikum," alisema polepole, akinikumbusha kwamba nilikuwa nimeruka salamu.

"Aleikum salaam."

"Mimi sitaki kopi. Nataka Kaari."

"Ndiye mimi."

Alinitazama usoni kwa muda. "Huqa aliniambia, duka iko karibu na gari ya Merti, na ndani kuna msichana anacheka mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wanageuka. Nimekaa huko nje tangu asubuhi, nasikiza. Hakuna mtu amecheka."

Nilimvutia kiti cha plastiki bila kujua ninachofanya.

"Mimi ni Chachu," alisema. "Baba ya Huqa."

Zilikuwa zimepita siku arobaini na sita. Mwezi wa Novemba, mvua ikiwa imekatika siku mbili, Huqa alipanda pikipiki kwenda kwao Biliqo, upande wa Merti. Njiani kuna laga, mto wa mchanga ambao karibu mwaka mzima ni mkavu. Anga ya pale ilikuwa safi. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, milimani, na maji yalifika yakiwa ukuta. Mwenye pikipiki aliokolewa na mti. Huqa alipatikana kesho yake asubuhi, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshazikwa, kama dini yao inavyotaka. Barabara ilikuwa imekatika. Mimi nilipata habari jioni, dukani, nikimpigia kopi mwanamke mmoja cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake. Nilizimaliza zile kopi. Sijui kwa nini nakumbuka kwamba zilikuwa nne.

"Pole, mzee," nilisema. Neno lilikuwa dogo kwa mahali nilipoliweka.

"Na wewe pole." Aliketi, akaweka fimbo yake sakafuni. "Mama yake amenituma. Huqa alikuwa akipiga simu anatuambia ako na kazi huku mjini. Nikamuuliza, kazi gani? Akasema, baba, naandika watu wadogo wanaosaidia watu wakubwa. Nikafikiri ni shirika la msaada." Alitabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo, na mara moja nikamwona Huqa. "Baadaye akasema iko kwa kitabu, na kitabu iko kwa Kaari. Basi nimekuja kuona hiyo kitabu."

Daftari lilikuwa bado juu ya kioo, nyuma ya mgongo wangu.

Ilibidi nimweleze. Nilimweleza kwamba ni mchezo wa kukaa mezani: mmoja anasimulia, wengine wanakuwa wasafiri katika nchi ambayo haipo, na dadu inaamua kama umevuka salama au umerudi ulikotoka. Kila Jumamosi baada ya kufunga duka saa nane mchana tulikuwa tukicheza hapa hapa, kwenye meza hii, mimi na Huqa na marafiki wawili. Nchi yetu tuliiita Malka, neno la Kiborana la kivuko, kwa sababu ina mito saba na mtu hafiki popote bila kuvuka. Mimi nilichora ramani. Huqa aliandika wale wanaokaa kwenye vivuko, visimani na njia panda.

"Wanaokaa ni akina nani?" mzee akauliza.

"Vijimungu, mzee. Miungu wadogo. Wa mchezo."

"Miungu? Astaghfirullah," akasema kwa sauti ya chini, na mkono wake ukatafuta fimbo. Niliwaza, sasa atainuka. Sasa ataliomba daftari alichome moto, na mimi nitafanya nini?

Lakini aliiacha fimbo pale chini. "Aliandika hiyo jina mwenyewe?"

"Aliandika kwa penseli. Alisema kitu kinachoweza kufutwa na raba hakiwezi kuwa Mungu, kwa hivyo hana dhambi. Na aliweka sheria: kijimungu mdogo hawezi kufanya jambo kubwa. Siku moja rafiki yetu Achuka alitaka kijimungu wa kuleta mvua. Huqa alikataa katakata. Alisema, buda, mvua si kazi yao. Mvua ina Mwenyewe."

Mzee aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, taratibu. "Hiyo ni maneno yake kabisa," alisema. "Soma."

"Sasa?"

"Nimetoka mbali, binti. Soma. Pole pole."

Nikalitoa daftari kwenye mashine. Ni daftari la kawaida la shule, la mistari, jalada la bluu. Kila kijimungu ana ukurasa wake: jina, karama moja, udhaifu mmoja, na kitu kimoja alichowahi kupoteza. Huqa aliamini mtu ambaye hajapoteza kitu hawezi kumsaidia mwenzake. Aliandika thelathini na mmoja, kwa herufi za kulala ambazo mwalimu yeyote angezilalamikia.

Nilianza na Mkohozi, kijimungu wa pampu ya kisima. Karama yake: anayengoja kutwa nzima bila kunung'unika humpa maji yasiyo na chumvi. Udhaifu wake: mtu mmoja akiruka foleni, anazimika siku tatu. Alichopoteza: mto aliokuwa akiishi ndani yake kabla ya kuhamia kwenye bomba.

Mzee alipiga paja. "Hiyo ni kisima yetu, ile bori! Genereta yake inakohoa hivyo hivyo. Na mwenye kuruka foleni namjua. Ni ndugu yangu."

Nilicheka, na mlango ukiwa wazi mwanamke aliyekuwa akipita akageuka kutazama. Mzee aliliona hilo. Alinionyesha kwa kidole tu niendelee.

Nikamsomea Mkaa-Jiweni, ambaye hukaa juu ya jiwe moja katikati ya tambarare na hubeba ujumbe mmoja tu kwa siku, hata watu wakija mia. Udhaifu wake: hajui kutofautisha habari njema na mbaya, zote huzibeba kwa furaha.

Safari hii hakucheka. "Iko jiwe kwetu," alisema. "Ukipanda juu, simu inashika. Ukishuka, inapotea. Hapo ndio nilikuwa nikisimama kuongea na Huqa." Alijifuta mdomo kwa ncha ya shuka. "Hapo ndio nilikuwa nimesimama waliponiambia."

Nilitaka kuacha. Alisema nisiache.

Nikasoma Mwita-Ngamia. Ni kijimungu wa kike. Kila ngamia aliyepotea anaijua sauti yake na atarudi hata akiwa mwendo wa siku mbili. Udhaifu wake ni kwamba hawaiti watu. Alichopoteza: mtoto wa kwanza, ambaye hakupewa jina.

Mzee Chachu aliinamisha kichwa. Kisha akatoa sauti kutoka kifuani, ndefu, ikipanda na kukatika mwishoni, na barabarani mtu wa mkokoteni akasimama.

"Qabale anaita hivyo," alisema. "Mama yake. Sikujua Huqa anajua habari ya yule mtoto. Hatukuwahi kumwambia."

Niliendelea. Nilisoma wengine, na kila mmoja alikuwa na mahali pake ambapo mzee alipajua: mti fulani, mlango fulani, mbwa fulani aliyekufa zamani. Mimi niliyedhani nimeishi ndani ya nchi ya Malka miaka miwili, nilikuwa nikiishi Biliqo bila kujua.

Ukurasa wa ishirini na sita nilitaka kuuruka. Mzee aliona vidole vyangu vikishika kurasa mbili pamoja.

"Umeacha moja."

Nikausoma. Mtangulia-Maji, kijimungu wa laga. Hukimbia mbele ya mafuriko na kugusa visigino vya waliomo mchangani, ili watoke. Udhaifu wake: anayewaza jambo la kumfurahisha hasikii mguso.

Mashine ya fotokopi ilijizima yenyewe kwa kuachwa bila kazi.

"Huyu," mzee akasema hatimaye, "alikuwa wapi siku hiyo?"

Nilichojua ni kile Huqa alichokuwa akiwaza. Asubuhi ile kabla ya kupanda pikipiki nilikuwa nimemsomea barua. Mwezi wa Septemba kikundi kimoja cha vijana wa Nairobi wanaochapisha michezo walikuja kwenye ukumbi wa vijana, wakakaa nasi mchezo mzima. Ramani yangu waliisifu kwa adabu. Kwa vijimungu wa Huqa walisahau hata kunywa soda zao. Sasa walikuwa wameandika: tuleteeni kitabu kizima, tutakichapisha, na njooni mwandike nasi. Huqa aliruka pale nje ya duka kama mtoto. "Nikirudi tutaongea," alisema. "Bado sijui kama nataka. Lakini manze, Kaari, wametuona!"

Baada ya msiba wale vijana waliniandikia tena kwa upole. Nafasi bado ipo, walisema, ila kitabu kifike kabla ya Ijumaa. Mimi nimehitimu miaka miwili iliyopita na tangu hapo napiga kopi vyeti vya wenzangu wanaoomba kazi. Mzee aliponikuta na kidole kwenye kitufe, ilikuwa Jumatano.

"Binti," alisema Mzee Chachu, "nipe hiyo kitabu niende nayo. Mimi sijui kusoma na Qabale hajui. Lakini mkono yake iko hapa." Alinyoosha kidole, akafuata mstari mmoja bila kuugusa. "Hapa alikaza. Hapa alichoka. Mama yake ataona."

Kama kuna siku niliyopewa ruhusa ya kuvunja neno langu, ni hiyo. Baba mzazi anaomba. Ningempa daftari, kabla ya hapo ningepiga kopi zangu, Ijumaa ningekuwa mwandishi, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Tulikuwa wawili tu siku nilipotoa neno hilo, na mmoja yuko chini ya mchanga wa Biliqo.

"Mzee, kuna jambo sijakwambia."

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Ramadhani iliyopita. Huqa hakuwa akiandika vijimungu mwezi wa kufunga, kwa hivyo alikuwa anakusanya penseli zake. Akaiokota raba, akanirushia.

"Kaari, nikitangulia, futa zangu."

"Utangulie wapi?"

"Unajua wapi."

"Si ufute mwenyewe, mvivu wewe."

"Nikiwa hai ni mchezo wangu, naweza kuucheza na kuuacha. Nikienda, sitakuwepo kusema ni mchezo. Sitaki nisimame pale mbele Yake na foleni ya vijimungu nyuma yangu, Mkohozi anakohoa."

Nilicheka sana. Watu wa ng'ambo waligeuka. "Sawa, nitafuta."

"Wote?"

"Wote."

"Hata kwa simu. Nakujua wewe na picha."

"Hata kwa simu, Huqa, ai! Nenda ukanywe chai kabla mfungo haujaanza."

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Wewe ulisema ndio?"

"Nilisema ndio. Lakini nilikuwa nacheka."

"Ukicheka, bado ni ndio." Macho yake yalihamia kwenye mashine, kwenye kifuniko kilichokuwa bado juu. "Na hiyo, nikiingia, ulikuwa unafanya nini nayo?"

Nilimwambia yote: Nairobi, Ijumaa, kazi. Nilimwambia pia kwamba kila siku kwa siku arobaini na sita nilikuwa nikisema kesho, kwa sababu hakuna kitu kingine cha Huqa nilicho nacho. Sina kaburi la kwenda kukaa. Sina hata haki ya kulia mbele za watu, kwani mimi ni nani? Msichana wa Kimeru wa duka la fotokopi.

Kuna neno moja sikumwambia, lakini mzee alinitazama kama mtu aliyelisikia.

"Acha moja," alisema ghafla. Sauti yake ilikuwa imebadilika, ya mtu anayeomba. "Futa zingine. Hiyo ya mama yake, hiyo moja tu, niachie. Nitamwambia Mungu ni mimi nilitaka."

Najua sitasahau jinsi mikono yake ilivyokuwa, yote miwili imefunguliwa juu ya magoti. Nilikuwa na uwezo wa kuijaza. Karatasi moja tu.

"Alisema wote, mzee," nilisema. Nililia nikisema.

Aliinuka, akachukua fimbo yake, akatoka bila kuaga. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeanza.

Nilibaki peke yangu na daftari. Nilidhani hatarudi. Nilidhani nimemfukuza baba wa Huqa mikono mitupu, aende akamwambie mke wake kwamba kule mjini kuna msichana mgumu kama jiwe. Nikaiwasha tena mashine. Ikapasha moto, taa ya kijani ikawaka, tayari. Nilisimama mbele yake muda wote wa ile sala. Kisha nikashusha kifuniko, nikachukua simu, nikawaandikia vijana wa Nairobi sentensi mbili: nashukuru sana kwa kutungoja. Kitabu hakitakuja.

Mzee Chachu alirudi uso na mikono bado vina unyevu wa udhu. Hakuketi kwenye kiti chake. Alikivuta kikaja upande wangu wa meza.

"Karatasi ya daftari ni nyepesi," alisema. "Ukifuta peke yako itachanika. Mimi nitashika."

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Yeye aliweka viganja vyake viwili kwenye pembe za ukurasa na kuukaza, kama mtu anayeshika ngozi wakati mwenzake anakwangua, na mimi nikafuta. Kabla ya kila mmoja nilimsomea jina lake. Mkohozi. Mkaa-Jiweni. Mteja mmoja aliingia kutaka kopi, akatutazama, akarudi nyuma polepole. Penseli ya Huqa ilikuwa nzito, ilibidi nipite mara tatu, mara nne. Kufika Mwita-Ngamia niliiweka raba chini.

"Endelea," mzee akasema.

"Unaweza kumsimulia Qabale. Umesikia. Yaliyo kichwani hayafutiki."

Alifikiri. "Niliyosikia siwezi kufuta," alisema. "Lakini kama Huqa hakutaka zibaki, sitasimulia." Vidole vyake vilikaza karatasi mpaka kucha zikawa nyeupe. "Futa, binti yangu."

Nikafuta.

Wa mwisho, wa thelathini na mmoja, tuliandika pamoja. Anaitwa Aliyechelewa, kijimungu wa wanaofika jambo likiwa limekwisha. Jina aliandika Huqa, na udhaifu, na alichopoteza. Karama niliandika mimi, siku aliyokuwa na mafua na kutaka kwenda nyumbani mapema: *humwekea aliyechelewa chai, na haipoi.* Nilifuta zake. Mstari wangu nikauacha, na sasa umebaki peke yake katikati ya ukurasa mweupe, karama isiyo na mwenyewe.

Kisha nikatoa simu. Picha zilikuwa arobaini na tatu. Nilimwonyesha mzee kila moja ikipotea, ingawa hakuniomba, na mwishoni nikafungua mahali simu inapotunza vilivyofutwa, nikaviondoa na huko pia.

Nje, kondakta wa gari la Merti alianza kugonga bati na kuita abiria.

Meza ilikuwa imejaa chembe za raba, za kijivu, zilizojiviringa kama uzi. Nilikunja mkono kuzipangusa zianguke sakafuni, kama ninavyofanya kila siku. Mzee Chachu alinizuia. Alizikusanya kwa ukingo wa kiganja, taratibu, hata zilizokuwa zimenasa kwenye ufa wa mbao alizitoa kwa ukucha. Alipozimaliza, alifungua ncha ya shuka lake juu ya meza, akaziweka katikati, akafunga fundo, akavuta kwa meno kuhakikisha limekaza.

"Qabale aliniambia nisirudi bila kitu," alisema, na akainuka kwenda kuliwahi gari.